Hivi huyu jamaa wa flashi mnamvumiliaje huko maofisini kwenu?!

Wakuu leo sina hata salamu. Nimetoka kikaoni sasa hivi mikono inatetemeka, naandikia kwenye ngazi maana nikirudi kwenye kiti changu nitamrushia mtu kiibodi.

Mnamjua. Kila ofisi yupo. Yule "mtaalamu" anayeletwa na bosi, shati limechomekwa, flashi inaning'inia shingoni kama hirizi.

Leo tarehe 19, kesho ndo mwisho wa ritani za VAT. Seva ni moja, Windows Server 2019, RAM (kumbukumbu ya muda ya kompyuta) GB 64, watu 41 wanaingia kwa rimoti kutoka Mwanza, Arusha, Mbeya na hapa hapa Dar, wote wamo kwenye programu ya uhasibu na Excel. Ilikuwa nzito, sikatai. Ila nimeshinda nayo wiki mbili na ugonjwa nikaujua, watu hawalogi auti! Mtu anabonyeza X anaenda zake kula chipsi, sesheni yake, yaani ule ukurasa wake wa kazi, inabaki ndani ya seva na kila alichofungua, na usipoiwekea kikomo itakaa humo mpaka kiama. Jumatatu nimekuta 17 za hivyo, moja ya dada aliye likizo ya uzazi, mtoto ameshaanza kukaa sesheni bado ipo. Nikaweka kikomo cha saa 2, sikuweka dakika 5, sababu intaneti ya Mbeya ikikatika sitaki mtu apoteze kazi yake. Antivairasi nikaizuia isiskani saa za kazi. RAM ikatoka asilimia 96 ikaja 80, ikatulia. Nikaomba na SSD, diski ya kasi isiyozunguka, maana ile diski ya kuzunguka ni ya enzi za Nuhu, sijajibiwa mpaka leo.

Sasa jamaa kachomeka flashi mbele ya kikao kizima, kainstoli kile kidude cha "kusafisha RAM" chenye duara la kijani, kabonyeza. 80 ikawa 22. Akanigeukia: "Kijana, wiki mbili hukuliona hili?"

NA WATU WAKAPIGA MAKOFI. Wahasibu wangu wenyewe ninaowafungulia paswedi usiku wa manane. Makofi!!

Wakuu pale hakuna kilichosafishwa. Kile kidude kimezinyang'anya programu kumbukumbu kwa nguvu, vitu ambavyo watu wanavitumia saa hiyo hiyo vimetupwa kwenye peji faili, yaani stoo ya RAM huko kwenye diski, na mtu akigusa tu Excel yake inabidi vifuatwe tena kimoja kimoja. Ni sawa na kuingia jikoni kwa mama ntilie saa saba mchana ukabeba masufuria yote ukapeleka stoo, halafu unaita watu waje waone jiko lilivyo safi. Na amekiseti kijibonyeze chenyewe kila dakika 10!

Hata chai haijapoa Mwanza wanapiga, Arusha wanapiga, mshale wa mausi unatembea kama unasindikiza jeneza, diski iko asilimia 100. Namwonyesha. Anasema hiyo ni intaneti yenu. Anamega sambusa.

"Kijana, wiki mbili hukuliona hili?" Nina miaka 38 na watoto watatu. Kijana! Na makofi juu!

kebo_ya_njano: Pole sana mkuu. Kwetu hicho kidude nakitoa meneja anakirudisha, eti kinapunguza joto la seva.

mwana_ledja: Mnatusema sana wahasibu. Huo mtindo wenu wa vikomo ndo umenipotezea mistari 300 jana, nimeenda kikao kimoja tu kurudi nakuta nimetolewa. Mimi ningepiga makofi kwa miguu na mikono.

Mleta uzi: Dada ungehifadhi kazi kabla ya kuondoka. Ila mbona hakuna anayeongelea yale makofi??

pengwini_wa_tabata: Uzi mrefu hivi kumbe shida ni Windows. Weka Linux, mfumo mwingine kabisa, ulale.

kebo_ya_njano: Na programu ya uhasibu ya Windows ataiendesha kwa maombi?

fundi_diski: Mleta uzi angalia na Chrome. Windows inagawa CPU (ubongo wa kompyuta) sawa kwa sawa kati ya watu tangu 2008 R2, lakini RAM haina mgawo huo, anayewahi ndo anakula. Kwetu bosi peke yake alikuwa na kurasa 90 wazi, anakula GB 11, nusu ni magazeti ya michezo. Nani amfunge paka kengele?

Mleta uzi: Wa kwetu naye hivyo hivyo. Lakini mbele ya kikao kizima jamani, "Kijana"...

jenereta_bovu: Afadhali nyie mnalia RAM. Sisi umeme ukikata UPS, ile betri ya akiba, inapiga kelele dakika mbili inazima na seva juu, betri hazijabadilishwa tangu inunuliwe, nikiomba hela naambiwa "si bado inalia?"

mwana_ledja: Hahaha si bado inalia 😂 nimecheka hadi mteja kaniangalia

fundi_diski: Betri za UPS mbona zipo Kariakoo, pima tu volti na saizi yake usije ukauziwa ya pikipiki.

jenereta_bovu: Mtaa gani mkuu? Na la zamani wanapokea?