Safari ya kuzimu kwa katuni: Ghostopolis au Ghosts?

Mama_Shangani: Habari za jioni wapendwa. Juzi kwa jirani hapa Mtwara nimekuta Ghostopolis ya Doug TenNapel, nikakaa nayo barazani mpaka magharibi. Mtoto Garth ana ugonjwa usiotibika. Afisa wa kurudisha mizimu kwao anakosea, anamrusha kuzimu angali hai. Huko anakutana na babu yake marehemu! Nimeipenda mno. Nataka cha kusoma na wanangu, miaka 7 na 12. Wengine wananiambia nichukue Ghosts ya Raina Telgemeier. Kipi?

Mwl_Mikindani: Shikamoo mama. Tofauti ni hii: Ghostopolis (2010), aliye hai anakwenda kwa wafu. Ghosts (2016), wafu wanakuja kwa walio hai. Cat na mdogo wake Maya, mgonjwa wa mapafu, wanahamia mji wa pwani kaskazini mwa California, wenye upepo na ukungu, na marehemu wanakaribishwa kwa chakula na muziki. Wa miaka 7 aanze na hicho.

Korosho_Newala: Mwalimu, hapo sikubali. Watoto wa huku wanaona mapiko, ngoma ya vinyago ya Wamakonde, yakichezwa tangu wadogo. Wanakimbia wakipiga kelele, dakika hiyohiyo wamerudi kuchungulia. Farasi wa mifupa wa Ghostopolis hatawashinda. Mapigano tu ndiyo mengi.

Dada_Lindi: Mimi nilikisoma Ghosts na binti yangu wa miaka 9, namtafsiria Kiingereza ukurasa kwa ukurasa. Bibi yake alikuwa ametutoka miezi michache nyuma. Maya anatamani sana kukutana na mizimu, maana anajua ugonjwa wake hauponi. Binti akaniuliza, "Na bibi atakuja?" Tulifunga kitabu, tukaongea mpaka akasinzia mapajani mwangu. Kwa hiyo dada, kabla ya umri, tazama kama nyumbani kuna msiba wa karibuni.

Mama_Shangani: Marahaba mwalimu. Dada, umenigusa. Baba yao mdogo tumemzika Machi, na yule wa miaka 7 hajamtaja hata mara moja tangu siku ile. Basi Ghosts, tena nitasoma naye mwenyewe, polepole. Ghostopolis nitamwachia kaka yake. Mwalimu, nakala unayo?

Mwl_Mikindani: Ipo mama. Mtume mkubwa Jumamosi asubuhi, aje na mfuko wa nailoni, mvua haitabiriki.