Laptop gani haisumbui ukiweka Linux?

Wakuu, nataka kubadilisha laptop, hii niliyonayo nimeweka Ubuntu (aina mojawapo ya Linux) wifi ikagoma kabisa, nikapiga huduma kwa wateja nikawekewa muziki dakika 40 afu jamaa ananiambia rudisha Windows ndo tuongee. Sitaki kurudia kosa, mnashauri kampuni gani?

Jibu 1: Pole mkuu. Usiangalie sana jina la nje, angalia chipu ya wifi. Za Intel draiva zake (programu za kuendesha kifaa) zipo tayari kwenye kerneli, yaani kiini cha Linux, Broadcom nyingi unatafuta draiva pembeni, sasa utaishushaje na intaneti huna 😂

Jibu 2: ThinkPad. Lenovo wanaweka mwongozo wa kuifungua mtandaoni bure, skrubu kwa skrubu, na modeli kibao zimethibitishwa kwa Ubuntu. Kibodi ikifa unabadilisha mwenyewe, simu ya nini.

Mwenye swali: na kadi ya grafiki je?

Jibu 1: AMD draiva iko humohumo kwenye kerneli. Nvidia inapiga kazi ila ile draiva yao rasmi mara nyingi unaiweka mwenyewe. Kabla hujalipa chomeka flashi yenye Ubuntu, jaribu wifi, sauti, afu funga mfuniko ilale uone kama itaamka.

Jibu 3: Hiyo ya kuamka ndo inaliza watu