Mashine ya kusikia: moja ya bei au mbili za kawaida? Mama anasikia sauti ila maneno yanampotea (Tukuyu/Mbeya)

Binti_wa_Tukuyu
Wakuu, naombeni mawazo. Mama ana miaka 71, anauza ndizi na parachichi Tukuyu. Ukimwita anageuka vizuri tu, shida ni maneno. Mteja akitaja sita, yeye anasikia tisa, ugomvi unaanzia hapo. Tulishuka naye Mbeya, masikio yakasafishwa nta, akapimwa. Odiogramu (mchoro wa kipimo cha usikivu) inaonyesha masikio yote mawili yanafanana: sauti nene anazipata kama kawaida, ila kuanzia hezi 2000, yaani sauti nyembamba, mstari unaporomoka, na kwenye 4000 upo desibeli 65, chini ya hapo hasikii. Daktari kasema ni neva, hakuna dawa ya kurudisha, avae mashine.

Sasa mezani kuna vitu vitatu. Kipo kikuza sauti cha duka la vifaa vya simu pale Kabwe, bei ya kutupa. Kuna jozi ya mashine za nyuma ya sikio za kawaida, zinatumia betri ndogo za kubadilisha. Halafu kuna moja tu, ndogo, ya kuchaji, inayoongea na simu kwa bluetooth. Hiyo moja na ile jozi bei zake hazipishani sana. Kaka yangu yuko Dar na amekomaa na ya kuchaji. Mngekuwa nyie mngechukua ipi?

Msumeno_Mafinga
Cha Kabwe kitoe kwenye orodha leo hii. Mimi masikio yangu yameliwa na mashine za mbao, kwenye kipimo nina shimo pale pale 4000. Nilivaa hicho kikuza sauti: sufuria, bodaboda, mlango, vyote vikapanda pamoja na maneno. Mtu akikohoa karibu yako unaruka. Na maneno yenyewe bado hayaeleweki.

Dada_wa_Vipimo
Kamwene wote. Nafanya kazi ya kupima usikivu huku nyanda za juu, naomba nieleze kwa kirefu kidogo.

Kwenye Kiswahili, irabu ndizo zenye nguvu ya sauti, na zinakaa chini kwenye masafa ambayo mama anasikia vizuri. S, t, f na k ni hafifu na zinakaa juu, kule alikopoteza. Chukua sita na tisa: irabu ni zile zile kwa mpangilio ule ule, zilizobadilishana nafasi ni s na t tu. Mama anapata i-a, sehemu iliyobaki anabahatisha. Ndiyo maana kumpigia kelele hakusaidii, unaongeza kile alichonacho tayari.

Kwa hiyo mashine yake inatakiwa iache sauti za chini zipite zenyewe na ikuze za juu peke yake. Sikio la neva pia lina tabia ya kutosikia sauti ndogo huku kubwa zikiliumiza, hivyo mashine lazima ikuze ndogo sana, kubwa kidogo, na iwe na kikomo. Kikuza sauti cha dukani kwa kawaida hakipangwi kwa odiogramu ya mtu.

Kati ya jozi na moja, mimi nachukua jozi bila kusita, maana masikio yanafanana. Ubongo unatumia masikio mawili kujua sauti inatoka wapi na kuitenga na kelele. Sokoni hicho ndicho anachokihitaji. Ingekuwa sikio moja limekufa kabisa, ushauri ungebadilika.

Ila kabla ya kulipa, uliza hiyo jozi inakubali mrija mwembamba na kipira cha silikoni chenye matundu. Wakimwekea kalibu inayoziba sikio lote, atasikia sauti yake kama anaongea ndani ya pipa, na ataivua. Kipira cha wazi nacho kina gharama yake: kelele za soko zitaingia moja kwa moja, kwa hiyo uwezo wa mashine kupunguza kelele unashuka. Kwa sikio la mama bado ni afadhali hivyo.

Wa_Makete
Nakubali kuhusu mawili, lakini kaka mtu msimcheke. Betri hizo zina ukubwa wa punje ya hindi. Bibi yangu vidole vinatetemeka, kila akibadilisha zinaanguka tunatafuta na tochi. Tena zinatumia hewa: ukishabandua kile kikaratasi ndiyo imeanza kuisha hata kama mashine imezimwa. Ikifika Juni na Julai, baridi ya Makete inazichosha mapema. Ya kuchaji unaiweka kwenye kiboksi chake usiku, basi.

Msumeno_Mafinga
Na umeme ukikatika usiku kucha?

Wa_Makete
Hapo umenishika. Ila kuna viboksi vinavyochajiwa kwa power bank.

Dada_wa_Vipimo
Hoja ya vidole ni ya kweli. Omba jozi inayotumia betri namba 13, yenye kibandiko cha rangi ya chungwa, ni kubwa kuliko 312 ya kahawia na inadumu zaidi. Na kwa Tukuyu ninachokiogopa hasa ni mvua. Unyevu unaziba mrija na kula mashine. Kila usiku aifute, afungue mlango wa betri, aiweke kwenye kopo lenye mfuniko na vifuko vya kukausha unyevu.

Kaka_Mtu_Dar
Mimi ndiye kaka ninayesemwa humu 😄 Marekani tangu Oktoba 2022 watu wazima wananunua mashine za masikio dukani bila hata kupita kwa daktari, wanajipangia kwa simu. Kwa nini sisi tuhangaike na wataalamu? Na hiyo bluetooth ingemsaidia tukimpigia.

Dada_wa_Vipimo
Kaka, zile zimeruhusiwa kwa watu wazima wenye upungufu mdogo hadi wa kati, na zimewekewa kikomo cha sauti kisheria. Tena mwenye kujipangia anatakiwa awe rafiki wa simu janja. Mama ni rafiki wa simu janja?

Kaka_Mtu_Dar
Hapana. Ana ya vitufe.

Mwl_Kihesa
😂 Basi bluetooth imejibiwa.

Nina jambo nje ya mashine. Hapa Iringa, Neema Crafts wana mgahawa ambao wahudumu ni viziwi, na mambo yanakwenda kwa maandishi na ishara. Mama aandike bei kwenye kipande cha boksi, akisimamishe juu ya kila fungu. Leo leo, kabla ya mashine yoyote. Na nyumbani msimwongeleshe mkiwa chumba kingine, sogea akuone mdomo. Darasani naona hilo: mita moja na mita nne ni dunia mbili, hata kwa mtoto mwenye mashine nzuri.

Binti_wa_Tukuyu
Ndaga fijo wote. Maboksi naandika kesho. Dada, siku ya kufungiwa niulize nini ili nisiuziwe upepo?

Dada_wa_Vipimo
Waulize kama wanapima kwa kamrija kembamba kanakoingia sikioni pamoja na mashine, kuona sauti inayofika kwenye ngoma ya sikio. Mifereji ya masikio haifanani, na mpangilio unaotoka kwenye kompyuta mara nyingi unapunja sauti za juu, zile zile anazokosa mama. Kama kipimo hicho hawana, simama nyuma yake kwa sauti ya kawaida, mtajie saa, taa, kaa, faa, sita, tisa bila mpangilio, arudie. Kwanza bila mashine, halafu nayo. Andika alizopata.

Ikipiga mluzi akitafuna au akiweka kitenge kichwani, kipira hakijakaa vizuri au ukubwa wake siyo. Mwanzoni atalalamika kwamba karatasi na mvua ya bati zinamkera, kwa sababu amezisahau. Avae kila siku, aanze ndani kwenye utulivu, soko baadaye, na arudi kurekebishiwa baada ya wiki chache. Uliza kabisa kama kurudi huko kumo kwenye bei.

Na sikio likianza kutoa usaha, asiweke kitu ndani, aende hospitali. Moja likizima ghafla ndani ya siku mbili tatu, hiyo ni dharura, siku hiyo hiyo apande gari.

Kaka_Mtu_Dar
Haya, jozi. Ila za namba 13, na kopo la kukaushia nanunua mimi.

Msumeno_Mafinga
Nunua na betri za akiba mkuu, Tukuyu usitegemee kuzikuta dukani.