Nijaribu vipi raketi na viatu vya badminton kabla ya kununua?

Mchezaji wa Jioni

Ndugu wanamichezo, naomba ushauri wenu. Mimi hucheza badminton kwa kujifurahisha mara mbili kwa wiki, na zaidi ni mchezo wa wawili wawili. Kiwango changu nakiona kuwa cha kati: kwa forhendi (mpigo wa upande wa mkono wa raketi) ninaweza kurusha kinyoya kutoka mstari wa nyuma wa upande wangu hadi karibu na mstari wa nyuma wa mpinzani, ila kwa bekihendi (mpigo wa upande wa pili, mgongo wa mkono ukitangulia) bado sifiki. Raketi niliyo nayo ni ya zile zinazouzwa mbili mbili ndani ya mfuko mmoja, na miguuni huvaa viatu vya kukimbilia.

Sasa nimeamua kununua vifaa vinavyofaa, na nimepata nafasi ya kuazima raketi tatu za kujaribu. Ya kwanza ni nzito kichwani na shingo yake, yaani fimbo iliyo kati ya kichwa na mpini, ni ngumu. Ya pili uzito wake umesawazishwa kati ya kichwa na mpini. Ya tatu ni nyepesi kichwani. Nilipozipunga hewani, ile nyepesi ndiyo iliyonipendeza, lakini nilipoanza kupiga vinyoya niliona ile nzito inarusha mbali zaidi kwa jasho kidogo. Nizijaribu kwa utaratibu gani ili nisidanganywe na hisia ya jioni moja? Tena, ikiwa fedha hazitoshi kununua vyote viwili vya daraja la juu, kipi kitangulie, raketi au viatu?

Mfunga Nyuzi

Kabla ya kulinganisha raketi hizo, chunguza kwanza nyuzi zake, kwa maana huenda unacholinganisha sasa ni nyuzi na si raketi. Nyuzi zilizolegea kiasi hurudisha kinyoya kwa nguvu zaidi na husamehe mpigo usiogonga katikati, ilhali zilizokazwa sana humpa mchezaji udhibiti, lakini humdai mkono wenye kasi na mpigo safi. Kwa hiyo inawezekana kabisa kwamba ile raketi nzito inarusha mbali kwa sababu nyuzi zake zimelegea, wala si kwa sababu ya uzito wa kichwa chake. Unene wa uzi nao una athari: uzi wa BG65 wa kampuni ya Yonex, ambao ni maarufu kwa kudumu, ina milimita 0.70, na BG66 Ultimax ina 0.65, na tofauti hiyo ndogo husikika mkononi na sikioni pia.

Ukiweza, omba zote tatu zifungwe uzi wa aina moja kwa mkazo mmoja. Kwa kiwango chako pauni 22 hadi 24 zinatosha. Usipoweza, gonga uso wa nyuzi za kila raketi kwa kucha usikilize mlio: ikiwa uzi ni wa aina moja, mlio mwembamba una maana ya mkazo mkubwa. Hakikisha pia kwamba mipini imezungushiwa utepe wa unene mmoja, kwa kuwa utepe wa ziada huongeza gramu chache chini na kuivuta mizani ya raketi kuelekea mkononi, hata ile nzito kichwani ikaanza kujifanya nyepesi.

Kuhusu namba zilizoandikwa juu kidogo ya mpini, kwa raketi za Yonex alama ya U huonyesha uzito: 3U ni gramu 85 hadi 89, 4U ni 80 hadi 84, na 5U ni 75 hadi 79. Namba ya unene wa mpini nayo huenda kinyume na matarajio ya wengi, kwani G5 ni mwembamba kuliko G4. Hata hivyo, uzito wa kwenye mizani hautoshi kukueleza jinsi raketi inavyozunguka. Ilaze juu ya ukingo wa rula mpaka itulie bila kuinamia upande wowote, kisha pima umbali kutoka kitako cha mpini hadi hapo ilipotulia. Chini ya milimita 285 hivi huhesabiwa kuwa nyepesi kichwani, juu ya 295 huhesabiwa kuwa nzito, na katikati ya hizo ndiyo iliyosawazishwa. Raketi mbili zenye gramu 83 kila moja zinaweza kutofautiana mkononi kana kwamba zimetengenezwa kwa ajili ya michezo miwili tofauti.

Sasa majaribio yenyewe. Kupunga hewani hakukuambii mengi, kwa sababu kasoro nyingi hujitokeza pale unapochelewa. Tafuta mwenzako mmoja asiyechoka upesi, tumieni vinyoya vya aina moja, na ubadilishe raketi kila baada ya dakika chache badala ya kumaliza moja ndipo uishike nyingine. Piga mipira ya juu ya kwenda nyuma, mipigo ya mlalo ya haraka, na udondoshe mingine karibu na wavu; kisha mwombe mwenzako akupigie smashi (mipigo mikali ya kushuka) mfululizo huku ukizuia. Usijihukumu mwenyewe kwa umbali, bali mwache yeye aliye upande wa pili akuambie kinyoya kiliangukia wapi. Rudia zoezi hilo mwishoni mwa mazoezi, mkono ukiwa umechoka, kwa sababu raketi iliyokufurahisha ulipokuwa na nguvu inaweza kukusaliti katika seti ya tatu. Mimi humshauri mtu achague kwa kuangalia mpigo wake ulio dhaifu kuliko yote, maana ule ulio imara utajitegemea kwa raketi yoyote ile.

Kisigino Imara

Mwenzangu ameeleza raketi vizuri, nami nijibu swali la fedha: viatu vitangulie, tena bila kusitasita. Kiatu cha kukimbilia kimetengenezwa kwa ajili ya mtu anayekwenda mbele tu. Kisigino chake ni kirefu na laini, na mguu umekaa juu mbali na sakafu. Unapokimbia kando na kusimama ghafla, kiatu hulala na kifundo cha mguu hufuata. Kiatu cha badminton kiko karibu na sakafu, soli yake ni ya mpira unaong'ang'ania mbao au zulia la uwanja bila kuacha alama, na kisigino chake kimeviringwa kidogo ili uweze kutua vizuri unaponyoosha hatua ndefu kuelekea wavuni.

Jaribu viatu jioni, wakati miguu imekwisha kuvimba kidogo, ukiwa na soksi zile zile za mchezo. Funga kamba kama utakavyocheza, kisha usitembee tembee dukani kama mnunuzi wa viatu vya ofisini. Piga hatua ndefu mbele kwa mguu wa upande wa mkono unaoshika raketi na usimame ghafla: vidole vikigonga ncha ya kiatu, ni kidogo au hakikubani vizuri juu ya wayo, kisigino kikiinuka kutoka ndani, kimepwaya. Ruka kando, kushoto na kulia, usikilize kama mguu unateleza ndani ya kiatu. Halafu kivue ukikunje kwa mikono. Kinapaswa kupinda pale vidole vinapoanzia, na kikatae kupinda au kusokotwa katikati. Kwa watu wengi mguu mmoja ni mkubwa kuliko mwingine, kwa hiyo pima kwa ule mkubwa, na kama wayo wako ni mpana, tafuta toleo pana badala ya kuongeza namba, kwani kuongeza namba huongeza urefu usiouhitaji.

Viatu hivyo visivaliwe barabarani. Vumbi na saruji huila soli hiyo haraka, na soli iliyokwisha kupata ngozi ngumu huteleza.

Wavu wa Mbele

Kwa viatu sina pingamizi. Kwa raketi nataka kuongeza neno, kwa sababu nahofia kwamba muulizaji ameanza kuipenda ile nzito yenye shingo ngumu. Shingo ngumu hurudi mahali pake upesi, na faida hiyo humfikia mwenye mkono wa kasi sana. Mkono wa kasi ya kawaida haupati kuipinda hata kidogo, hivyo kazi yote inabaki kwa bega na kiwiko. Mwaka 2023 Satwiksairaj Rankireddy wa India alirekodiwa akipiga smashi ya kilomita 565 kwa saa katika jaribio maalumu. Kasi ile ilitoka kwa mchezaji, na raketi ya aina yake haitamkopesha mtu mwingine.

Zaidi ya hayo, unacheza wawili wawili. Yonex wenyewe walitengeneza raketi ya Astrox 88D kwa ajili ya mchezaji wa nyuma na Astrox 88S kwa ajili ya wa mbele, jambo linaloonyesha jinsi mahitaji ya nafasi hizo mbili yanavyopishana. Sisi wa ridhaa hatuna nafasi maalumu. Hujikuta mbele, nyuma, na mara nyingi tukizuia smashi tukiwa tumechuchumaa. Kwa hali hiyo ningeanza na iliyosawazishwa, ya 4U, yenye shingo ya kati.

Mchezaji wa Jioni

Nawashukuru sana. Nimezigonga nyuzi kama nilivyoelekezwa: uzi ni wa aina moja kwa zote, na kweli ile nzito ina mlio mzito kuliko nyingine mbili. Viatu nitavinunua kwanza. Swali la mwisho: baada ya kucheza na ile nzito, kiwiko huniuma kidogo upande wa nje hadi kesho yake. Je, niiache, au mkono utazoea?

Mfunga Nyuzi

Iache, ndugu yangu. Maumivu ya upande wa nje wa kiwiko si jambo la kuzoea, na yakiendelea hata ukitumia raketi nyingine, pumzisha mkono na umwone mtaalamu wa afya. Chunguza pia kama unaukaba mpini muda wote. Vidole vinapaswa kubana pale tu kinyoya kinapogongwa. Baki na zile mbili, zifungwe nyuzi kwa pauni 22, na uzijaribu upya ukiwa tayari na viatu vipya, kwa sababu ukifika kwenye kinyoya mapema utapiga tofauti kabisa. Kabla ya kufunga, soma kiwango cha juu cha mkazo kilichoandikwa kwenye raketi yenyewe. Aliyekuazima ataka irudi ikiwa nzima.