Wataalamu wa pevingi na bustani Dar: juu mnapiga picha, chini mmelipua

Wakuu, uzi ni mrefu na nimeuandika kwa hasira. Asiye na muda apite. Jina la kampuni silitaji, maana suala liko kwa wakili tayari. Wahusika wakisoma watajijua, na kwa niliyoyasikia tangu nianze kuuliza huku na kule, wa aina yao wamejaa mjini.

Nyumba iko Goba. Anayeijua Goba anajua viwanja vyake: vinashuka, udongo mwekundu, na mvua ikipiga maji yanajichagulia njia. Kwa hiyo sikuwa natafuta urembo. Nilitaka uwanja wa mbele na njia ya gari vitandikwe vitofali, mita za mraba 160, na upande wa chini ujengwe ukuta wa kuzuia udongo, mita 14 kwa kimo cha mita 2, pamoja na ngazi za kushukia bustanini. Ukoka na miashoki ilikuwa nyongeza. Mafundi wa mtaani walinipa bei zao, lakini kwa sababu ya huo mteremko nikasema hapana, hii ni kazi ya wataalamu. Nikaenda kwa wenye ofisi, fulana za nembo, na picha za kompyuta ambamo nyumba yangu ilitokea kama hoteli ya Nungwi. Milioni 17.

Profoma yao, yaani makadirio ya bei, ninayo hadi leo na ni karatasi nzuri kweli. Moramu (kifusi cha changarawe) sentimita 15, imeshindiliwa kwa kompakta, ile mashine ya kushindilia. Juu yake mchanga sentimita 3. Vitofali vya milimita 80 pa kupita gari, 60 pa kutembea. Kabstoni (vizuizi vya ukingo) pembezoni zimekamatwa na zege. Mteremko kuelekea barabarani. Kuna hadi mstari unaosema "usimamizi wa kitaalamu", laki sita. Kwa hiyo mtakaokuja kuniambia ningesimama mwenyewe juu ya mafundi, someni tena hapo. Nilimlipa mtu asimame.

Siku ya kukabidhi palipendeza. Wakapiga picha, wakarusha droni, wakaweka Instagram. Ziko huko mpaka sasa zinawavutia wengine.

Halafu masika ikaingia.

Kwanza ikajitokeza mifereji miwili palepale yanapokanyaga magurudumu. Vitofali vya katikati vimebaki juu, vya pembeni vimezama, maji yamesimama humo mbu wanazaliana. Kisha maji ya uwanja mzima, badala ya kwenda barabarani kama karatasi inavyosema, yakageukia barazani. Hesabu yake ni ndogo: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Ikinyesha milimita 50 kwa uwanja wa mita 160, ni lita 8,000, na zote zinaelekezwa mlangoni kwangu. Isitoshe, walipandisha uwanja mpaka ukafunika ile nailoni ya kuzuia unyevu juu ya msingi. Usawa wa nje unatakiwa ukae angalau sentimita 15 chini ya hapo. Sasa ukuta wa sebule umelowa kutoka chini, rangi inabanduka, makochi tumeyasogeza katikati kama watu wanaohama.

Nikampigia mkurugenzi wao. Jibu la kwanza: "Ni kawaida kutitia kidogo, mama, inatafuta kukaa."

Inatafuta kukaa! Kushindilia kote kule kazi yake ni nini, kama si kuhakikisha udongo umeshakaa kabla ya kitofali cha kwanza kuwekwa?

Nikaita kijana na sururu, tukafungua eneo kwenye mfereji mmoja na jingine karibu na geti, tukapima kwa futi kamba huku tunapiga picha. Moramu ya sentimita 15? Pa kwanza sentimita 4. Pa pili hakuna kabisa, ni mchanga umemwagwa juu ya udongo mwekundu uliokuwepo, na mizizi ya majani bado imo. Mchanga wenyewe ambao ulitakiwa uwe sentimita 3 umefika 9 sehemu nyingine, kwa sababu ndio waliotumia kusawazishia mashimo. Anayejua kazi hii anajua kwamba mchanga chini ya kitofali ni wa kukilaza tu. Ukiwa mnene, kila gari likipita unakimbia pembeni na kitofali kinafuata.

Hapo ndipo nilipokaa na kikokotoo. Mita za mraba 160 mara sentimita 15 ni mita za ujazo 24, na hizo ni za moramu iliyokwisha kushindiliwa. Ikiwa bado imelegea kwenye lori ni zaidi. Nikamwuliza mlinzi, maana kila gari lililoingia aliliandika kwenye daftari lake la geti. Tipa dogo moja la kifusi. Moja! Zilizobaki nimezilipia na hazijawahi kuvuka geti. Kompakta nayo ilionekana siku ya mwisho, ikapitishwa juu ya vitofali mara moja, video ikachukuliwa, ikaondoka. Moramu hushindiliwa kwa tabaka huku inamwagiwa maji kiasi, tabaka lisizidi hizo sentimita 15, kabla hata mchanga haujaja. Kukimbiza mashine juu ya vitofali wakati chini ni ulegevu mtupu ni maigizo.

Vitofali navyo ni kichekesho. Vya njia ya gari nilivyolipia vya milimita 80 vina 60. Walioviona wanasema ni vya kufyatua kwa mkono, wakati niliuziwa kama vya mashine ya kutetemesha. Ukigonganisha viwili havilii, vinatoa mlio wa udongo. Ukikwaruza kwa msumari unapata unga. Na ule wekundu wa kupendeza ulikuwa rangi imepakwa juu, haikuchanganywa kwenye zege, kwa hiyo mvua zilivyoendelea uwanja umegeuka madoamadoa. Nashuku pia vililetwa vikiwa vibichi, maana zege linatakiwa limwagiliwe walau siku 7 na nguvu yake huhesabiwa siku ya 28, lakini hili siwezi kulithibitisha, naliacha. Mpangilio nao ni mistari iliyonyooka kwenye njia ya gari. Pa kupita magari vitofali hupangwa vikipishana kwa mshazari au kwa pembe ili vikamatane, gari likifunga breki visisogee. Vyangu vinasogea. Kabstoni ziko upande mmoja tu, ule unaoonekana kutoka barabarani.

Hayo yote, wakuu, ningeyameza. Kitofali kikizama hakiui mtu. Kinachonitoa usingizi ni ukuta.

Umevimba tumbo katikati na kichwa kimeinama kuelekea kwa jirani wa chini. Kuna ufa wa ngazi ngazi unaofuata viungo vya matofali, unaingia kidole. Wanangu nimewakataza kushuka bustanini. Jirani nimemwomba radhi na watoto wake nao hawachezi tena upande ule. Hebu fikirieni mtu unalipa mamilioni, halafu unabisha hodi kwa jirani kumwambia ahamishe banda lake la kuku kabla ukuta wako haujamwangukia.

Nimemlipa mhandisi wa pembeni aje autazame. Alichokuta: matofali ya inchi 6 yamepandishwa kama ukuta wa uzio wa kawaida. Nguzo za nondo hakuna. Msingi una upana wa sentimita 45. Nyuma yake wamerudishia udongo uleule mwekundu waliouchimba, bila kokoto, bila kitambaa cha kuchuja, bila bomba. Na mbele hakuna tundu hata moja la kutolea maji. Kwa nini hakuna matundu? Msimamizi wa laki sita alimwambia kijana wangu kwamba yangeharibu mawe ya urembo waliyobandika mbele.

Niwaeleze alivyonieleza, maana naamini wengi wenye viwanja vya mteremko kuanzia Goba, Madale, Salasala mpaka Kimara wanakaa na bomu hili bila kujua. Ukuta wa uzio umejengwa kusimama. Ukuta wa kuzuia udongo umejengwa kusukumwa, usiku na mchana, maisha yake yote. Udongo mkavu unasukuma kiasi chake, lakini maji yakinaswa nyuma yanaongeza nguvu yao juu ya ile ya udongo. Kwa kimo cha mita 1, maji peke yake husukuma kwa takriban nusu tani kwa kila mita ya urefu wa ukuta. Ukipandisha kimo hadi mita 2, nguvu haizidi mara mbili, inazidi mara nne: tani 2 kwa kila mita. Wangu una mita 14. Hizo ni karibu tani 28 za maji zinazoegemea matofali ya inchi 6, na udongo hatujauhesabu. Dawa yake wala si siri ya NASA. Bomba la plastiki la inchi 2 kila baada ya mita moja hivi, kokoto nyuma ya ukuta ili maji yashuke na kutoka, na kitako kipana. Kwa ukuta wa mawe wa kimo hicho kitako hukaribia mita 1 au hata kuzidi, na ukitaka wembamba unaleta zege na nondo zilizokokotolewa na mtu mwenye taaluma. Vipande vya bomba na trela la kokoto vingewagharimu kiasi gani? Mawe ya urembo peke yake nimeyalipia zaidi.

Nilipompelekea mkurugenzi ripoti ya mhandisi akabadili wimbo. Sasa tatizo ni mvua, eti mwaka huu si za kawaida. Bwana we, Dar inapata zaidi ya milimita 1,000 za mvua kwa mwaka, na Aprili peke yake kwa wastani inavuka 200. Masika ilikuwepo kabla ya kampuni yako na kabla ya babu yako. Mtu anayejenga ukuta Goba bila kutarajia mvua ya Aprili ana utaalamu gani?

Halafu akaniuliza, na hapa nusura nirushe simu: "Mzee yupo? Ingekuwa vizuri niongee naye, haya mambo ni ya kiufundi." Mkataba una jina langu. Pesa zimetoka kwenye akaunti yangu. Vipimo vya mashimo nimevichukua mimi nikiwa nimepiga magoti kwenye matope. Mzee anayemtaka hajui hata moramu inauzwaje.

Suala la usajili nalo. Kwenye profoma wameandika kwa herufi kubwa kwamba wamesajiliwa. Nikaomba namba ya CRB, Bodi ya Usajili wa Makandarasi, iliyopo kwa sheria ya mwaka 1997 kwa kazi kama hizi. Nikapigwa danadana, mwishowe nikatumiwa cheti cha BRELA, wale wanaosajili biashara. Cheti cha BRELA kinathibitisha kwamba jina la biashara lipo. Hakisemi kwamba mwenye jina anajua tofauti ya kokoto na ubuyu. Nikaomba risiti ya EFD (ya mashine ya kodi) ya malipo yote, nikaambiwa mashine ina hitilafu, wakati asilimia 18 ya VAT imo kwenye hesabu na nimeilipa.

Na bado wana ujasiri wa kunidai! Kwenye mkataba nilizuia asilimia 10 mpaka kipindi cha uangalizi cha miezi sita kiishe. Ukuta umeinama, sebule imelowa, na ujumbe unaingia WhatsApp: "Habari bosi, tunakumbushia salio letu 1,700,000, tuna vijana wanadai." Vijana wawadai ninyi. Nimesikia kibarua wao mmoja alilipwa kwa vitofali vilivyobaki.

Ninachotaka kwenu wakuu ni mambo mawili. Aliyewahi kufika mahakamani kwa kazi ya namna hii aniambie ripoti ya mhandisi ilichukuliwaje, na kama ililazimika mhandisi mwenyewe aje kutoa ushahidi. Na mwenye kumjua fundi wa kuta za kuzuia udongo aliyemaliza kazi yenye misimu miwili ya mvua, si picha za siku ya kukabidhi, anielekeze PM nikaione kazi yenyewe kwa macho.

NYONGEZA: Mkuu uliyesema "rahisi ni ghali", soma bei tena. Sikwenda kwenye rahisi. Fundi wa mtaani niliyemkataa alisema atahitaji malori manne ya kifusi, nikadhani ananipiga.

NYONGEZA 2: Kuna anayeuliza kama nitoboe matundu sasa kwenye ukuta. Mhandisi amekataa nisiguse kitu kwa chini wakati udongo umelowa. Kwanza tunapunguza udongo wa juu kwa mkono kuanzia nyuma, tunachimba mfereji wa kuyakatiza maji ya uwanja yasiufikie ukuta, kisha unabomolewa kwa vipande na kujengwa upya. Kwa hiyo gharama ninayoingia ni mara mbili.

NYONGEZA 3: Mkurugenzi ameuona uzi. Ameniandikia niufute, naye atakuja kurekebisha "kwa gharama nafuu". Nafuu ya nani? Njoo na moramu yote niliyoilipia, kompakta, na mhandisi mwenye namba ya ERB, Bodi ya Usajili wa Wahandisi, nami nitasimama na futi yangu kila tabaka linaposhindiliwa. Ukishamaliza, masika moja ipite. Mpaka hapo salio liko benki na uzi hautoki.