Tupeane uzoefu: siku uliyoingia barabarani

Mwana Katindo: Vijana wa Madagascar mwaka 2025 walianza na kilio cha maji na umeme, nikakumbuka Goma yetu ya Kongo. LUCHA, ile harakati ya vijana, ilipozaliwa 2012, maji yalikuwa kilio pia. Ziwa liko pale chini, mama anapanda na bidoni mgongoni! Wenye muliandamana, elezeni.

Yaya wa Ndosho: Tena maji yenyewe ya kipindupindu.

Mutoto wa Birere: Mimi Januari 2015, ile sheria ya uchaguzi. Walitaka raia wahesabiwe kwanza ndipo tupige kura, yaani mkubwa, Rais Kabila, aendelee kukaa. Tulitoka tunaimba. Gazi ya machozi ikaanguka, nikamshika mkono rafiki yangu wa darasa. Risasi zikalia. Kugeuka, hayupo. Nikasimama katikati ya barabara naita jina lake mpaka wakanikamata. Kasho, yaani mahabusu, ilijaa, tulilala tumesimama, na kila aliyeingizwa nilimuuliza: hamukumuona? Mama alileta sombe, wakamrudisha nayo. Akauza vitenge vyake ndipo nikatoka. Rafiki nilimkuta hospitali, risasi ya mguu. Lakini Seneti ilikiondoa kile kifungu cha kuhesabu raia. Hiyo najivunia hadi kesho.

Papa Mabanga: Pole mwanangu. Ila mulipata nini? Uchaguzi wa 2016 ulikuja Desemba 2018.

Mutoto wa Birere: Papa, kwa heshima yote, bila sisi ungekuja lini?

Motari: Madagascar nako vijana walikufa, kiti akakikalia kanali.

Mwana Katindo: Kenya 2024 je? Vijana waliingia bungeni tarehe 25 Juni, kesho yake Ruto akakataa kutia sahihi muswada wa fedha. Hakuna askari aliyekalia kiti.

Motari: Na waliozikwa, nani anawahesabu?

Mama Virunga: Nyinyi wawili mugombane pembeni. Mutoto wa Birere, rafiki yako anaendeleaje?

Yaya wa Ndosho: Wadogo zangu, viatu vya kamba, si sandali. Namba ya mama uiandike mkononi na biki. Kitambaa chenye maji puani.

Motari: Maji yalinizidishia kuwasha! Na simu uache nyumbani.

Mwana Katindo: Simu ndiyo shahidi wetu, usiiache.

Papa Mabanga: Mimi nasema mubaki nyumbani, muombe.

Mutoto wa Birere: Mama Virunga, anatembea, anafundisha shule ya msingi. Wa Bukavu, Kadutu ilikuwaje siku zile? Andikeni na nyinyi.