CPAP ya mapovu kwa njiti: ni lini tuandike "imeshindwa"?

njiti_data
Wadau, salaam. Itifaki ya utafiti wetu inalinganisha CPAP ya mapovu (hewa yenye shinikizo la kudumu puani, ambapo mrija wa kutolea hewa huzamishwa kwenye chupa ya maji na kina chake ndicho shinikizo) inayoanzia shinikizo la sm 5 za maji na ile inayoanzia sm 7, kwa njiti wa wiki 28 hadi 33 wanaohema kwa shida. Tokeo kuu ni "CPAP kushindwa ndani ya saa 72". Wapitiaji wamerudisha andiko wakiuliza kushindwa ni nini hasa. La pili: kwenye zoezi la awali, alama za Silverman (za ukali wa kuhema kwa shida) za wauguzi wawili kwa mtoto yuleyule, dakika ileile, zinapishana hata kwa 3. Tatizo liko wapi?

Dkt_Pumzi
Wapitiaji wana haki. "Kushindwa" ni neno tupu mpaka liwekewe namba. Utafiti wa CPAP uitwao COIN, uliochapishwa 2008, uliruhusu oksijeni hadi 60% ya hewa anayovuta mtoto kabla mtoto hajawekewa mrija wa kooni. Utafiti mwingine, OPTIMIST-A wa 2021, ulisimama kwenye 45%. Mtoto anayetumia 50% amefeli kwa kipimo kimoja na amefaulu kwa kingine, na mapafu ni yaleyale.

Kwenu kuna mtego mkubwa zaidi. Aliyeanzia 5 ana nafasi ya kupandishwa. Aliyeanzia 7 yuko karibu na mwisho. Mkihesabu kupandisha shinikizo kuwa ni kushindwa, kundi la 5 litafelishwa na itifaki, si na mapafu. Wekeni dari moja kwa wote, tuseme sm 8, na kushindwa kuhukumiwe hapo: oksijeni zaidi ya 40% kwa saa nzima mfululizo baada ya kukagua uvujaji. Kusita kupumua kunakohitaji ambubegi (mfuko wa kupumulishia kwa mkono) ni kushindwa popote mtoto alipo. Daktari akiamua kuweka mrija mapema, hilo nalo lihesabiwe, na sababu iandikwe. Kifo msikiache nje hata kidogo. Anayefariki saa ya 20 kabla hajagusa 40%, akiandikwa "hakushindwa", jedwali lenu litasema uongo.

Kafeini, dawa ya kuchochea kupumua, iwe sawa kwa makundi yote: kafeini sitreti mg 20 kwa kilo kuanzia, kisha mg 5 hadi 10 kwa kilo kila siku.

Na hiyo 40% mnaipimaje? Bila blenda (kifaa cha kuchanganya oksijeni na hewa) ni hesabu. Lita 2 za konsentreta (mashine inayochuja oksijeni kutoka hewani) yenye 93% na lita 4 za hewa: (2 × 0.93 + 4 × 0.21) ÷ 6 = 0.45. Anayedhani konsentreta hutoa 100% ataandika 0.47. Ikichoka ikashuka hadi 80%, mtoto anapata 0.41 huku fomu bado inasema 0.47. Pimeni kwa kipima oksijeni kwenye mrija wa kuingiza hewa kila zamu.

Nesi_wa_Zamu
Naongezea la Silverman. Vipengele ni vitano, kila kimoja 0 hadi 2: mwendo wa kifua cha juu na tumbo, nafasi za mbavu kubonyea, chembe cha moyo kubonyea, matundu ya pua kutanuka, na kuguna. Kumi ndiyo hali mbaya, kinyume cha Apgar (alama za hali ya mtoto anapozaliwa), na mgeni huchanganya hapo. Lakini tofauti yenu nadhani inatoka kwenye viwili vya mwisho. Pua imezibwa na vimirija, kwa hiyo mmoja anakisia, mwingine anaandika 0. Kuguna kwa alama 1 husikika kwa stetoskopu tu, 2 kwa sikio tupu, na chupa inabubujika hapohapo kando ya kitanda.

Msimamo wa chupa pia uangaliwe. Mapovu yakikata, kuna uvujaji. Mapovu yakiwepo, bado si hakika kwamba shinikizo limefika kwenye pafu: mdomo ukiwa wazi hewa inatorokea huko. Matone ya mvuke yakituama kwenye mrija wa kutolea hewa, shinikizo hupanda juu ya kina cha maji. Yakitiririkia chupani, maji yanajaa na sm 5 zinakuwa 6 bila mtu kugusa kitu. Kwa utafiti unaotofautisha 5 na 7, hilo linaweza kula nusu ya tofauti yenu.

njiti_data
Asante sana. Je, tuinue mrija kutoka majini sekunde chache ili tusikie kuguna?

Nesi_wa_Zamu
Hapana. Ukiuinua umeondoa shinikizo, na vifuko vya hewa vya njiti hunywea upesi. Amueni kabla ya kuanza: vipengele vitatu vya kifua tu, alama 0 hadi 6, mtoto ametulia na si mara baada ya kufyonzwa makamasi. Pigeni video ya dakika nzima kutoka ubavuni, kifua na tumbo wazi, chupa isionekane, sauti izimwe. Wawili wasiojua kundi waitazame kila mmoja peke yake, kisha mpime makubaliano yao kwa kapa yenye uzito, kipimo cha takwimu kinachohesabu tofauti kubwa kuwa mbaya kuliko ndogo.

takwimu_pole
Mambo mawili. Kipimo cha oksijeni kina maana kama lengo la oksijeni kwenye damu ni moja: 90 hadi 95%, sensa mkono wa kulia. Muuguzi anayependa kuona 98 ataongeza oksijeni, na mtoto "atashindwa" kwa mkono wake. Msishushe lengo pia. Utafiti wa SUPPORT wa 2010 ulilinganisha malengo ya 85–89 na 91–95 kwa njiti, na vifo vilikuwa vingi zaidi kwenye lengo la chini.

Pili, wa wiki 33 mwenye maji yaliyochelewa kutoka mapafuni hupona mwenyewe kwa siku moja hadi tatu. Wakirundikana kundi moja, kundi hilo litang'aa bure. Gaweni kwa nasibu ndani ya matabaka ya umri wa mimba, 28–30 na 31–33, na amueni leo kama mapacha wataingia kundi moja au kila mmoja na lake.